Barua ya wazi kwa Gavana wa Lamu: profesa naye ana kura moja

Mheshimiwa Gavana, asalam aleikum.

Nakuandikia kuhusu hivi vikao vya maoni ya wananchi. Kila ukija mradi mkubwa analetwa profesa au daktari wa chuo, anapewa maiki kwanza, anaongea weee, halafu mvuvi akisimama anaambiwa mzee kaa, mtaalamu ashasema. Hili linaniuma sana mheshimiwa.

Sisemi wasomi wasisikizwe. Mtu aliyesomea bahari akitueleza jivu la makaa ya mawe likiingia majini linafanya nini kwa samaki, hapo mimi nanyamaza nasikiza, ndiyo kazi yake na vipimo anavyo. Lakini kule Kwasasi pajengwe mtambo wa stima ya makaa ya mawe ama pasijengwe, nani apoteze mahali pake pa kuvua ili nani apate stima, hilo halina digrii, hapo profesa ana kura moja na nahodha wa Kizingitini ana kura moja. Tena wengine hata si fani yao, mtu wa uchumi anatufundisha mikoko na ukumbi mzima unaitikia kwa kichwa kwa sababu tu ni profesa!

Na yameshatokea hapa hapa. Ule mradi wa stima ya makaa ya mawe, wa megawati 1,050, ulikuwa na ripoti ya wataalamu na leseni ukapewa, mwaka 2019 mahakama ya mazingira ikaifuta, na sababu moja kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, mikutano ilifanywa kabla hata ripoti yenyewe haijakamilika, sasa watu walikuwa wanatoa maoni juu ya nini? Mwaka mmoja kabla ya hapo Mahakama Kuu Malindi iliamua wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya hasara waliyopata kwa ujenzi wa bandari ya Lamu. Kesi ile walioipeleka ni wenyeji, si chuo kikuu.

Katiba ya 2010, kifungu cha 10, inataka wananchi washirikishwe, haijasema wenye PhD peke yao.

Kwa hiyo naomba ripoti zifike Faza, Pate na Mokowe kwa Kiswahili kabla ya kikao, si siku ya kikao. Mtaalamu akisimama aseme kwanza amelipwa na nani. Na wavuvi waanze kuongea wao, yeye akae awasikize, kisha ajibu maswali yao moja moja mpaka yaishe.