Upasuaji Umeandikwa, Sababu Yake Haikuandikwa

Majalada mengi ya akina mama waliojifungua yanayofika ofisini kwetu kupitiwa baada ya madai yake kurudishwa na bima huwa na msimbo mmoja tu wa utambuzi, yaani wa kutaja ugonjwa au hali ya mgonjwa, nao ni O82. Karani aliyeujaza hakuuokota njiani. Katika ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa inayotolewa na Shirika la Afya Duniani, O82 ndio msimbo wa kujifungua mtoto mmoja kwa upasuaji. Kasoro ni kwamba unaeleza mtoto alitolewa vipi, wala hauelezi kilichomzuia kupita njia ya kawaida, na mkaguzi wa madai anapolifungua jalada anakitafuta hicho cha pili.

Juzuu ya pili ya ICD-10, ambayo ndiyo yenye maelekezo, imeliweka wazi jambo hili: misimbo ya O80 hadi O84 huwa utambuzi mkuu pale tu ambapo kilichoandikwa ni kwamba mama amejifungua, au namna alivyojifungua, basi. Ikiwapo hali nyingine ya uzazi kwenye jalada, hiyo ndiyo hutangulia, na msimbo wa upasuaji hufuata nyuma yake kama nyongeza: O82.0 ikiwa upasuaji ulipangwa, O82.1 ikiwa ni wa dharura, na O82.2 ikiwa kizazi kiliondolewa papo hapo. Kwa hiyo mama mwenye kovu la upasuaji uliopita, aliyepangiwa tarehe kwa sababu ya kovu hilo, anaanza na O34.2 kisha O82.0. Mwenzake mwenye kovu kama hilo aliyeachwa ajaribu uchungu ikashindikana, akaingizwa chumba cha upasuaji usiku, anahitaji pia O66.4, na upasuaji wake ni O82.1.

Panapotatiza zaidi ni kwenye uchungu wenyewe, kwa kuwa ICD-10 hutenganisha tatizo lililojulikana kabla uchungu haujaanza na tatizo lile lile lililosababisha uchungu pingamizi, yaani ule ambao mtoto huzuiwa kushuka. Madaktari wetu wamezoea kuandika herufi tatu, CPD, wakimaanisha kwamba kichwa cha mtoto hakilingani na nyonga ya mama, na herufi hizo hazisemi lililotokea ni lipi kati ya hayo mawili. Likigunduliwa kliniki na mama akapangiwa upasuaji, msimbo unatoka kundi la O33. Mama akikaa na uchungu hadi njia ikafunguka lakini kichwa kikagoma kushuka, ni O65.4. Mtoto aliyetanguliza matako naye ana misimbo miwili kwa mantiki hiyo hiyo, O32.1 na O64.1. Tuliwahi kupokea jalada lililobeba O33.9 huku partografu yake, yaani chati ya kufuatilia uchungu, ikionyesha saa nyingi za uchungu usioendelea. Mkaguzi aliuliza, na mimi ningeuliza, kwa nini upasuaji uliodaiwa kuwa wa dharura una utambuzi wa mama ambaye hakuwahi kushikwa na uchungu. Daktari alikuwa amefanya kazi yake sawasawa. Karatasi ndiyo iliyomwangusha.

Vivyo hivyo kwa maneno «mtoto amechoka», ambayo kila mtu wodini anayaelewa na hakuna orodha inayoyatambua. Mapigo ya moyo wa mtoto yakibadilika wakati wa uchungu, msimbo ni O68.0; maji yakitoka yakiwa na kinyesi cha mtoto ni O68.1, yakiwapo yote mawili ni O68.2. Sentensi moja ya daktari, yenye idadi ya mapigo na rangi ya maji, inatosha kutuonyesha ni upi, na bila sentensi hiyo sisi hatubahatishi, maana kuchagua msimbo wa utambuzi ambao daktari hakuuandika ni kughushi, hata kama unaelekea kuwa sahihi.

Jambo jingine linalowaponza makarani vijana ni kutafuta misimbo kwenye intaneti. Kinachotokea mara nyingi ni toleo la Marekani, lililoanza kutumika huko tarehe 1 Oktoba 2015, ambalo ni refu zaidi na lina maana zake. Humo O82 ni upasuaji usio na sababu ya kitabibu iliyotajwa, na kovu la upasuaji huandikwa kwa tarakimu zaidi, kwa mfano O34.211. Mfumo wa madai uliojengwa juu ya toleo la Shirika la Afya Duniani hautautambua msimbo huo. Na kabla ya kulaumu mfumo, tazama kama herufi O haikuandikwa sifuri; ni kosa dogo la aibu, nasi tumelikuta mara nyingi kuliko tungependa kukiri.

Matokeo ya uzazi huandikwa kwenye jalada la mama kwa Z37, mathalani Z37.0 kwa mtoto mmoja aliyezaliwa hai. Mtoto hufunguliwa jalada lake, na misimbo ya O haiingii humo kamwe. Hospitali nyingine hutuletea namba ya kundi la Robson zikidhani ni utambuzi. Mpangilio huo wa kuwagawa akina mama wanaojifungua katika makundi 10, uliopendekezwa na daktari wa uzazi Michael Robson mwaka 2001, unafaa sana kwa kulinganisha viwango vya upasuaji kati ya hospitali na hospitali, lakini hauulizi sababu, hivyo hauwezi kuijibu bima.

Ofisi yetu hupitia majalada ya wazazi kabla madai hayajatumwa, na pia yale yaliyokwisha kurudishwa ikiwa muda wa kuyarekebisha haujapita. Tunahitaji maelezo ya upasuaji yaliyosainiwa, partografu ikiwa mama alishikwa na uchungu, kadi ya kliniki, maelezo ya kulazwa na ya kuruhusiwa, pamoja na fomu ya madai yenyewe. Jina la mama lifunikwe kabla ya kunakili. Namba ya jalada inatutosha. Palipo na pengo tunaandika swali na kulirudisha kwa daktari aliyehusika, ambaye ndiye pekee mwenye haki ya kulijibu kwa mkono wake.