Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Wananchi Wamjue Muuguzi wa Usingizi

Ndugu wanachama wenzangu, wauguzi wa usingizi wa Mkoa wa Kilimanjaro, habari za kazi na poleni kwa zamu.

Mkutano Mkuu uliopita ulitukabidhi jambo moja: wananchi wajue sisi ni nani na tunafanya nini. Chanzo chake kila mmoja wetu anakijua. Mama anatoka thieta na mtoto wake salama, ndugu wanamshukuru daktari aliyepasua, wanamshukuru mkunga, lakini muuguzi aliyemtia ganzi au usingizi na kukaa kichwani pake tangu sindano ya kwanza mpaka alipopelekwa wodini hawana habari naye. Kamati yenu imelifanyia kazi jambo hilo mwaka mzima, na ndilo litakalochukua sehemu kubwa ya taarifa hii. Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina mwenyewe.

Tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, tuliandamana na wenzetu wa idara nyingine, fulana zikapendeza na bendi ikapiga. Sherehe hiyo inatupa moyo na tutaendelea nayo. Hata hivyo, maoni yangu, na kamati inakubaliana nami, ni kwamba mwananchi anayetuona tukipita barabarani harudi nyumbani akiwa amejua kazi yetu. Anaijua pale tunapokaa naye na kumjibu kinachomtia hofu. Kwa hiyo nguvu kubwa tumeipeleka kwenye kliniki za wajawazito.

Niwasimulie siku moja ya Rombo. Mwanachama mwenzetu aliketi kwenye benchi mbele ya akina mama, akakumbatia mto, akainamisha kidevu kifuani na kuutunisha mgongo, ili waone mtu anavyokaa anapochomwa sindano ya ganzi ya mgongo. Mama mmoja akanyoosha mkono: "Dada, mbona mama mkwe wangu anasema ukichomwa hiyo huinui tena ndoo maisha yako yote?" Wengi wakaitikia kwa kichwa, lilikuwa swali la wote. Mwenzetu hakumcheka wala hakumkatiza. Aliwaonyesha sindano yenyewe, nyembamba, wakaipokezana ikiwa ndani ya kasha lake. Akawaeleza kwamba mshipa mkuu wa fahamu unaoshuka ndani ya mgongo unaishia juu ya kiuno, nasi tunachoma chini ya hapo. Akasema pia ukweli usiopendeza: wapo wanaopata maumivu makali ya kichwa baadaye, hasa wakiinuka, na mama akiyasikia asinyamaze, aseme, kwa kuwa yana tiba. Na maumivu ya mgongo baada ya kujifungua huwapata hata waliojifungua kwa njia ya kawaida. Baada ya hapo maswali yalimiminika mpaka muuguzi wa kliniki akaomba aendelee na kupima uzito.

Naomba tujifunze hapo. Mwenzetu alitaja na madhara, na ndiyo maana waliamini na mengine aliyowaambia.

Kwenye redio tulichagua mada moja tu, kukaa bila kula kabla ya operesheni, kwa sababu ndiyo inayotuumiza vichwa wodini. Msikilizaji mmoja alipiga simu akaeleza jinsi ndugu walivyompenyezea mgonjwa uji alfajiri ili asiingie kupasuliwa akiwa na njaa. Walifanya kwa upendo kabisa. Hakuna aliyewaeleza kwamba mtu aliyelazwa usingizi hawezi kujizuia kutapika, na kilichomo tumboni kikipanda kinaweza kuingia kwenye mapafu na kumuua. Tulirudia mara kwa mara: chakula chepesi, mwisho ni muda wa saa sita kabla ya operesheni, chai ya maziwa ihesabiwe kama chakula; maji matupu, mwisho ni muda wa saa mbili kabla. Mtangazaji alitaka sana tuzungumzie mtu kuamka katikati ya operesheni. Tukamjibu kwa ufupi na kurudi kwenye uji.

Kuna hoja nyingine ambayo wananchi wanaielewa haraka ikielezwa vizuri. Vifo vya uzazi nchini vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16; utafiti wa 2022 ulionyesha 104. Sababu ni nyingi, na si sisi peke yetu tuliozifanyia kazi. Lakini kituo cha afya kinaweza kuwa na chumba cha upasuaji kizuri na daktari aliye tayari, na bila mtu wa usingizi mama mwenye uchungu pingamizi, yaani mtoto amekwama asiweze kutoka, anapakiwa kwenye ambulansi. Madaktari bingwa wa usingizi ni wachache na wengi wako hospitali kubwa. Huko pembezoni anayeitwa usiku ni muuguzi. Yeye ndiye anayemlaza mama akiegemea kidogo upande wa kushoto ili mimba isibane mshipa mkubwa wa damu, na ndiye anayejua kwamba presha inaweza kuporomoka dakika chache baada ya ganzi kushika, akawa ameshaandaa dawa.

Tunapojitangaza, tusijikweze kwa kuwashusha madaktari. Nimesikia lugha hiyo kwenye kundi letu la simu na sikuipenda. Kazi yetu ina historia ya kutosha kusimama yenyewe: mwaka 1906 muuguzi Alice Magaw wa Rochester, Marekani, alichapisha taarifa ya wagonjwa zaidi ya 14,000 aliowapa usingizi, bila kifo hata kimoja kilichotokana na usingizi huo. Na Januari 2025 dunia ilimpoteza Loretta Ford akiwa na miaka 104, muuguzi ambaye mwaka 1965, pamoja na daktari Henry Silver, alianzisha katika Chuo Kikuu cha Colorado mafunzo ya kwanza ya wauguzi wabobezi wanaopima na kutibu. Muuguzi na daktari, bega kwa bega.

Suala la elimu ni zito kwetu. Mwongozo wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi wa 2020 unataka muuguzi mbobezi awe na shahada ya uzamili, na mwongozo wa 2021 unatuhusu sisi wa usingizi moja kwa moja. Wengi wetu hatujafika huko. Kamati imewaandikia waajiri kuomba ruhusa za masomo na kutambuliwa kwa mafunzo ya ziada kwenye vyeo. Majibu bado, na tutafuatilia.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila mwanachama amtembelee mgonjwa wodini kabla ya operesheni na kujitambulisha: "Mimi naitwa fulani, ni muuguzi wa usingizi, nitakuwa nawe mwanzo hadi mwisho." Kwa dharura, hata kama ni mlangoni pa thieta, sentensi hiyo isikosekane. Pili, ziara za kliniki ziendelee, tukianza na Same na Mwanga ambako hatukufika ipasavyo. Wanaojitolea waandikishe majina kwa katibu kabla hatujatawanyika leo, wakitaja siku ambazo hawako zamu.

Naomba kuwasilisha.