Walete wenzako nyumbani

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi hatujambo. Bibi yako magoti yanamsumbua kidogo kwa sababu ya baridi ya mvua, lakini anakula vizuri na kila jioni anauliza utakuja lini. Mdogo wako amesharudi shule.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana lile neno ulilonijibu kabla ya Pasaka bado ninalo moyoni. Nilikuomba ukija likizo uje na wale wasichana unaokaa nao chumba kimoja hapo Dodoma, ukasema, "Mama, nyumba yetu ndogo, nitawalaza wapi?" Siku ile sikukujibu kitu, nilikuwa nafua mashuka ya wageni. Sasa wageni wamekuja, wamekaa tangu Ijumaa Kuu mpaka Jumanne alfajiri, wameondoka salama, na jibu lako ninalo.

Waliokuja ni mama mdogo wako wa Iringa, mumewe na watoto wao watatu. Ni rafiki yangu niliyesoma naye chuo cha ualimu, unajua, na miaka yote hii tumekuwa watu wa kusalimiana kwenye simu tu. Nyumba ni ile ile uliyokulia: vyumba viwili, sebule, bafu na choo uani. Wao tuliwapa chumba chetu. Mimi na baba yako tukatandika godoro sebuleni. Watoto wote wakaenda chumba chenu, na bibi yako hakuondolewa kitandani kwake. Baba yako alifunga kamba kutoka nondo ya dirisha hadi kwenye msumari wa mlango, akatundika vyandarua viwili vilivyoshonwa pamoja, watoto wakalala chini yake wamepangana kwenye magodoro. Madumu yote tuliyajaza maji Alhamisi usiku. Asubuhi ilikuwa foleni, kweli, na aliyewahi alioga kwanza. Sikusikia mtu akilalamika. Nilichosikia ni vicheko mpaka saa tano usiku, kwa sababu bibi yako alikuwa anawatolea hadithi za sungura na fisi gizani, nao wanamkatiza kila dakika, "Halafu, bibi?"

Basi lao liliingia stendi ya Kange Ijumaa usiku, watoto wamevimba miguu kwa kukaa kutwa nzima. Jambo moja ninaloliamini sana kuhusu wageni ni kwamba mtu aliyetoka safari usimtembeze. Mpe maji ya moto aoge, mpe chakula, mwache. Kuna wenyeji ambao mgeni hajavua viatu wameshampangia mahali pa kwenda, wakidhani huo ndio ukarimu, kumbe mwenzao anatafuta pa kuegemeza kichwa. Sisi tulikubaliana na baba yako kwamba kila siku itakuwa na matembezi mamoja tu, na mengine yote ni kukaa.

Jumamosi ikawa siku ya bahari. Watoto wale hawakuwahi kuiona hata mara moja. Mdogo wako alikuwa amewaambia usiku kucha habari za mawimbi na kuogelea, wakaamka kabla ya jogoo. Tulifika ufukweni upande wa Raskazone kama saa nne asubuhi, na bahari haikuwepo. Maji yalikuwa yamekupwa mpaka mbali kabisa, ngalawa zimelala ubavu kwenye tope, kaa wadogo wanakimbilia mashimoni, na kina mama wawili wameinama wanaokota chaza. Yule mdogo wao, ambaye hajaanza hata darasa la kwanza, alisimama ameshika kaptula yake ya kuogelea mkononi, akanitazama usoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shangazi, wameipeleka wapi?"

Mimi nilitaka kumbembeleza, lakini mdogo wako alichuchumaa mbele yake akamweleza kama mwalimu. Akamwambia usiku ule mwezi ulikuwa mpevu, na mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa mchanga kabisa, jua na mwezi huvuta maji kwa pamoja, ndipo bamvua hupiga: maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Hapa kwetu wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu, yaani mtu mzima anazama na kubaki. Akamwambia pia kwamba siku za bamvua maji hukupwa saa nne hivi asubuhi na kujaa saa kumi jioni, kisha kila siku husogea mbele karibu saa nzima, mpaka yanafika maji mafu, ambayo hayaendi mbali wala hayaji kwa nguvu. Nilishangaa alikoyatoa. Kumbe wakati sisi tunamgombeza kwa kushinda pwani na yule mzee mvuvi, alikuwa darasani.

Tena nikamwongezea mimi kidogo, maana jambo hili hunifurahisha kila mwaka. Pasaka huhesabiwa kwa mwezi. Ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu Machi 21. Ndiyo maana Pasaka mara nyingi hutukuta na bamvua, au limepita siku chache tu. Kwa hiyo ukiwa na wageni wa Pasaka siku za bamvua, usiwapeleke asubuhi kuogelea. Wapeleke asubuhi kutembea kule maji yalikotoka, waone viumbe, halafu warudi kula na kulala, na saa tisa u nusu washuke tena. Tukafanya hivyo hivyo. Saa kumi maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye kuta, na yule mtoto aliyekuwa ameibiwa bahari hakutoka majini mpaka midomo ikamtetemeka.

Jumapili ilikuwa ya kanisani na ya kula. Jirani yetu wa nyumba ya pili alituletea mkate wa kumimina ungali moto, umefunikwa kawa, kama sisi tunavyowapelekea wao sahani siku ya Idi. Mama mdogo wako hakukubali kukaa sebuleni kama mgeni wa heshima. Alichukua mbuzi akakaa uani akakuna nazi, na kwa mtu wa Iringa aliikuna vizuri, ila alikuna mpaka kwenye kifuu na tui likawa na weusi kidogo. Wali ulikuwa mtamu vile vile. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mimi naona jembe lenyewe ni heshima. Mtu unayemkataza kushika hata kijiko kwako, umemwambia kwamba hapo si kwake. Nilipompa kazi ndipo alipoanza kuongea.

Na hili ndilo hasa nilitaka ulijue. Mama yake alifariki Novemba. Nilimpigia simu siku zile, nikamtumia rambirambi, akaniambia "tunamshukuru Mungu", nami nikajua ndivyo ilivyo. Lakini Jumapili usiku, watu wote wamelala, tumekaa jikoni tunapepeta mchele wa kesho, alinieleza yote. Jinsi alivyomuuguza, walivyouza shamba la miti ili kulipia matibabu, na jinsi mpaka leo anashindwa kufungua sanduku la vitenge vya marehemu. Aliongea mpaka chai ikapoa vikombeni. Simu haibebi mambo kama haya, mwanangu. Hata ukikutana na mtu harusini au hotelini hayasemeki. Yanahitaji watu wawili waliolala nyumba moja, wasio na haraka, na mikono yao ina kazi.

Jumatatu mvua ilipumzika, tukaenda mapango ya Amboni. Ni mwendo wa kama kilomita nane tu kaskazini ya mji, na nilikuwa sijafika tangu ulipokuwa shule ya msingi. Masika njia inateleza, kwa hiyo vaeni viatu vyenye meno, sio kandambili. Mkifika mnalipa kiingilio mnapewa mwongozaji, na msijaribu kuingia bila yeye, maana mapango yako kadhaa na lililotayarishwa kwa wageni ni moja. Mwamba wenyewe ni chokaa, uliojengeka chini ya bahari yapata miaka milioni 150 iliyopita, na maji ndiyo yaliyoutoboa taratibu. Ndani giza ni giza hasa. Mwongozaji alitwambia tuzime tochi zote kwa pamoja, na sikuona hata kiganja changu mbele ya pua. Kulisikika popo tu juu yetu, na tone la maji likianguka mahali tusipopaona. Tulipowasha tena, yakatokea yale mawe yanayoning'inia kutoka darini na mengine yanayoota kutoka chini kuyafuata, mengine yamekwishakutana yakawa nguzo.

Kuna mahali watu huacha sadaka wakiomba uzazi au uponyaji. Tulipita kimya, kila mtu na imani yake. Mwongozaji akawasimulia watoto habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, waliojificha humo miaka ya 1950 wakisakwa na serikali ya kikoloni, na vijana wakawa hawataki kutoka. Mkubwa wao akauliza kama ni kweli mtu anaweza kutembea humo chini mpaka Mombasa, kwani ndivyo mdogo wako alivyomwambia, na ndivyo sisi sote tulivyoambiwa udogoni. Akajibiwa kwamba wataalamu walipima mwaka 1994 na pango refu kuliko yote halikufika kilomita moja. Walinuna wote wawili. Mimi pia nilinuna kidogo, hadithi ile niliipenda.

Tongoni hatukwenda. Watoto walikuwa wamechoka, na jioni moja ya kukaa tu uani na kucheza karata ilikuwa na thamani kuliko kuongeza mahali pengine kwenye orodha. Nimeiweka kwa ajili yako na wenzako. Ni kama kilomita 20 kusini, njia ya Pangani. Kuna msikiti wa kale na makaburi yapata arobaini, mengine ya nguzo, na baadhi ya nguzo hizo zilipambwa kwa vyombo vya kaure kutoka China. Wewe unayesoma historia utapenda kusimama pale. Aprili 1498 meli ya São Rafael ya msafara wa Vasco da Gama ilikwama kwenye mafungu ya pwani ile ile, ikabidi wasubiri maji yajae ndipo ikaelea, kama ngalawa za Raskazone. Mwaka uliofuata walipokuwa wakirudi kutoka India, mabaharia wengi wamekufa na waliobaki hawatoshi kuziendesha meli zote, waliichoma moto huko huko. Mjini wapitishe pia Raskazone uwaonyeshe walikoshuka askari wa Uingereza na India mwezi Novemba 1914, wakashindwa na jeshi dogo la Wajerumani, nyuki nao wakawashambulia. Mahali hapo ulikuwa unapita kila siku na baiskeli.

Sasa turudi kwenye swali lako. Wenzako watalala chumbani kwenu, wewe pamoja nao, chini ya kile chandarua cha baba yako. Hajakitungua bado, ameniambia nikiache. Mdogo wako atalala sebuleni na ameshakubali, mradi aruhusiwe kuwa mwongozaji siku ya bahari. Wataoga kwa ndoo kama sisi. Ikiwa yupo miongoni mwao atakayekudharau kwa sababu choo chetu kiko uani, ni vizuri ukamjua mapema, lakini kwa jinsi unavyonisimulia habari zao sidhani kama yupo. Nadhani wewe ndiye unayewaonea aibu wasiyokuwa nayo. Yule anayekuamsha mkienda mtihani, na yule aliyekupikia uji ulipougua malaria, nataka niwaone kwa macho yangu na kuwashukuru kwa mkono wangu.

Njooni Agosti, masika yakiwa yamekwisha na njia za Amboni na Tongoni zimekauka. Upepo wa kusi utakuwa unavuma, kwa hiyo wasichana wabebe kitu cha kujifunika jioni. Kabla hujakata tiketi mpigie mdogo wako akuhesabie siku za bamvua. Uniambie ni wangapi, na kama yupo asiyekula samaki unitaarifu wiki moja mbele ili nipate kuku wa kienyeji. Baba yako amesema atakuja mwenyewe kuwapokea stendi, hata basi likiingia usiku wa manane.

Mama yako