Barua kwa Mwanangu Somoe Kabla ya Safari

Mwanangu Somoe,

Hapa Mikindani sote hatujambo, hofu ni kwako tu unayengoja safari ya Stavanger, huko Norwe. Rasimu ya utafiti wako wa mafuta yaliyo katika miamba ya chokaa nimeisoma yote, na nimefurahi kuona binti niliyemfundisha kemia akiandika kwa utulivu. Hata hivyo lipo jambo linaloninyima usingizi: umetaja asilimia ya uwazi wa mwamba, yaani sehemu yake iliyo vitundu vitupu, kisha ukakadiria mafuta yatakayosukumwa na maji kana kwamba asilimia hiyo inatosha.

Haitoshi, mwanangu. Mawe mawili ya chokaa yanaweza kulingana kwa uwazi, moja likayaachia mafuta na jingine likayabana, kwa kuwa katika la kwanza vinyweleo vimeunganishwa kwa njia pana, ilhali katika la pili vitundu vikubwa vinafikiwa kupitia shingo zisizotimia hata maikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Kadiri shingo inavyokuwa nyembamba ndivyo nguvu ya kapilari, ile inayovuta au kuzuia kimiminika katika vijia vyembamba, inavyozidi, na jiwe likiwa linapenda mafuta kuliko maji, nguvu hiyo huyazuia maji yasiingie. Basi maji hukimbilia kwenye nyufa, yakatokea mapema kwenye visima vya uzalishaji, na mafuta yakabaki nyuma.

Nilimtuma mdogo wako aokote kipande cha tumbawe kilichoanguka ukutani, ambacho nacho ni chokaa. Tone la maji lilinywewa papo hapo. Lakini upande tulioupaka mafuta ya kula na kuulaza hadi asubuhi, tone lilikaa juu likiwa duara. Vitundu ni vilevile, na asilimia yako isingebadilika sana.

Huko watakuonyesha Ekofisk, eneo la mafuta chini ya Bahari ya Kaskazini, lililogunduliwa mwaka 1969. Mwamba wake wa chaki una uwazi unaopita asilimia 30 mahali pengi, ingawa upenyevu wake, yaani urahisi wa kimiminika kupita ndani yake, ni mdogo mno. Uingizaji mkubwa wa maji ulioanza mwaka 1987 ulifaulu kwa sababu sehemu kubwa ya chaki hiyo huyanywa maji kutoka kwenye nyufa na kuyatoa mafuta. Usiyabebe mafanikio hayo ukayapachika kwenye chokaa za Mashariki ya Kati, ambazo nyingi huelekea kupenda mafuta.

Uliniambia kwenye simu kwamba kompyuta itakokotoa. Itakokotoa nini, ikiwa shingo hukuzipima? Sukuma zebaki ndani ya sampuli ili ujue upana wa shingo, kisha kata kipande chembamba ukitazame kwa hadubini.

Majirani wanadhani unakwenda kusomea gesi ya Mnazi Bay. Nimechoka kuwaeleza kwamba ile imo katika mawe ya mchanga. Baba yako anahangaikia salfa ya mikorosho, na fedha uliyotuma imeingia huko. Sweta lako limo chini ya kanga, kwenye begi dogo.

Nitumie sura ya pili ikiwa na vipimo vya shingo kabla hujamkabidhi msimamizi wako.

Mama yako