Risala ya Umoja wa Wahudumu wa Mochwari ya Hospitali ya Jeshi kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Wiki ya Mashujaa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Afande Mkuu wa Hospitali,
Maafande wote wa vyeo mbalimbali,
Waheshimiwa masheikh, mapadri na wachungaji,
Wajane, wazazi na watoto wa mashujaa wetu,
Wastaafu wenzetu, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima hadi kukutana leo. Pili, tunakushukuru wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kwetu. Ofisi kama yetu haipati wageni wengi. Wanaoalikwa hutuma mwakilishi, na mwakilishi akifika hupenda kusalimiana nasi hapa chini ya mwembe kisha akaondoka. Wewe umevua viatu, umevaa buti za mpira tulizokupa, ukaingia ndani na kusimama mbele ya meza. Tumeliona hilo, na ndilo linalotupa moyo wa kusema yafuatayo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia yetu ni fupi. Chumba ulichokiona kilikuwa stoo ya dawa. Kiligeuzwa mochwari wakati wa Vita vya Kagera, vile ambavyo Mwalimu Nyerere alivitangazia Taifa tarehe 2 Novemba 1978 na ambavyo viliifikisha Tanzania ndani ya Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Wazee wetu walioanza kazi hapa hawakupelekwa chuo chochote. Waliijua kazi kwa kuifanya. Baadaye zikaja operesheni za kulinda amani, na pamoja nazo zikaja habari za Darfur, nchini Sudan, ambako askari wetu 7 waliuawa tarehe 13 Julai 2013, na za Semuliki, Kivu Kaskazini, nchini Kongo, ambako wengine waliuawa tarehe 7 Desemba 2017. Kila Julai 25 viongozi wetu huweka mkuki na ngao, sime, upinde na mshale kwenye mnara, na wananchi huwakumbuka waliolala Kaboya kule Muleba na Naliendele kule Mtwara. Sisi huwa tunawakumbuka kwa namna nyingine, kwa sababu kabla shujaa hajafika kaburini kuna mtu aliyemwosha.

Kuhusu mafanikio, umoja huu umepiga hatua kubwa sana. Kwa michango ya wanachama wenyewe tumepaka rangi kuta zote nne, tumenunua viti 20 vya plastiki kwa ajili ya wafiwa, pamoja na pasi ya umeme ya kunyooshea sare. Tumeanzisha daftari la nakala mbili, ambamo kila mwili unaoingia huandikwa namba ya jeshi, alama za mwilini, vitu vilivyokutwa mifukoni na jina la aliyeupokea. Tangu daftari hilo lianze, hakuna saa, pete wala tasbihi ya marehemu iliyopotea. Tunaye pia mwanachama, mama yetu mmoja fundi cherehani, ambaye hurekebisha sare za marehemu. Mwili uliokakamaa haukunjiki mikono, kwa hiyo gwanda hufumuliwa mgongoni, likavalishwa kutoka mbele, kisha likashonwa upya kwa mkono, taratibu, mpaka ukosi ukae sawa na vifungo vifuatane. Atakayesimama mbele ya jeneza hawezi kujua kwamba nyuma kuna mshono. Mama huyu halipwi kwa kazi hiyo, na uzi hununua mwenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya mafanikio hayo, kwa ruhusa yako, tunaomba tutumie muda uliobaki kwa jambo moja tu. Hatuna jengo la kuoshea, kuvalishia na kuagia.

Umeiona meza ile ya zege. Ndiyo meza pekee tuliyonayo. Asubuhi daktari huitumia kufanya uchunguzi wa kifo. Akimaliza tunaisafisha kwa dawa, tunamlaza juu yake huyo huyo au mwingine, tunamwosha, na hapo hapo tunamvalisha. Ikifika miili miwili kwa siku moja, mmoja husubiri juu ya machela sakafuni. Askari aliyetoka mbali kwa ndege akiwa ndani ya jeneza lililozibwa kwa zinki, lililofunguliwa kwa mkasi wa bati, hapaswi kusubiri sakafuni nyumbani kwao.

Maji nayo yanatoka kwenye bomba la nje. Tunayabeba kwa ndoo, na ya uvuguvugu tunayachemsha kwa mkaa. Yakishatumika hutoka kwa tundu la ukutani na kushuka kwenye mfereji ulio wazi, na mfereji huo, Mheshimiwa, unapita mbele ya benchi wanakokaa wafiwa. Tunaomba radhi kwa wajane na wazazi waliopo hapa kwa kulisema hadharani. Wao wanalijua tayari, kwa sababu walikaa kwenye benchi hilo. Mkuu mmoja wa familia alituuliza maji yale ni ya nini, na mhudumu wetu akamjibu kwamba ni ya usafi wa kawaida. Hatutaki tena kulazimika kutoa jibu la namna hiyo.

Kuna suala la ibada pia. Masheikh walioko hapa wanatuelimisha kwamba anayekufa shahidi katika uwanja wa mapambano huzikwa na nguo zake bila kuoshwa, lakini si kila kifo cha askari kinahesabiwa hivyo, na uamuzi huo si wetu. Sisi humwita sheikh, familia ikakaa naye, wakashauriana. Mashauriano hayo ya wazee yanafanyika wima, mlangoni, huku machela zikipita katikati yao. Kwa upande wa Wakristo, padri au mchungaji anapokuja kuombea mwili kabla haujafungwa, hana pa kusimama isipokuwa kati ya jokofu na sinki.

Utambuzi ndio unaotuuma zaidi. Mzazi anapoletwa kumtambua mwanawe, mlango ni mmoja. Ili afike kwa wake, atapita kwa wa wenzake. Tunajitahidi kufunika kwa shuka, lakini shuka haizuii harufu wala haifichi miguu. Baba mmoja mwaka huu hakutaka kuona uso. Aliomba aonyeshwe mkono wa kushoto tu, kwa kuwa mwanawe aliungua na uji utotoni na kovu lilibaki juu ya kiwiko. Tulimfunulia kiwiko. Alikishika muda mrefu, na nyuma yake kulikuwa na familia nyingine inayosubiri zamu kwenye nafasi hiyo hiyo, ikimwangalia. Palihitajika mlango wa kufunga.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, haya hatuyaombi kama hisani. Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa mwaka 1949, kifungu cha 17, unataka kila mwili uchunguzwe kabla ya kuzikwa, kifo kithibitishwe na marehemu atambuliwe. Unataka nusu ya kibati chake cha utambulisho ibaki mwilini, na azikwe kwa heshima, inapowezekana kwa taratibu za dini yake. Sheria hiyo inamhusu hata adui aliyeanguka mikononi mwetu. Itakuwaje basi kijana wetu wenyewe, aliyekula kiapo mbele ya bendera hii hii tunayomfunika nayo?

Jambo hili, Mheshimiwa, si geni. Mgeni rasmi aliyekutangulia alilisikia, akasikitika sana, na akatuahidi kwamba mwaka wa fedha usingeisha kabla msingi haujachimbwa. Tulimpigia makofi. Aliyekuwa kabla yake alituletea wapimaji, wakapiga vigingi nyuma ya jengo la maabara, nasi tukafyeka eneo na kulilinda. Vigingi vile vimeliwa na mchwa. Tulipofuatilia tuliambiwa faili liko kwenye mchakato. Tulipofuatilia tena tukaambiwa faili limehamishiwa ofisi nyingine. Na ile ofisi nyingine ikatuomba tuandike barua upya, kwa kuwa ya kwanza haikuonekana. Tuliandika. Nakala zote tunazo, zimegongwa mihuri ya mapokezi. Hatusemi haya kumlaumu mtu. Tunayasema ili usije ukaambiwa kwamba ombi hili limeletwa leo.

Kitabu cha wageni kipo mezani pako. Ukikifungua nyuma utasoma maneno mazuri ya viongozi waliofika hapa, na karibu wote waliandika kwamba jambo hili litashughulikiwa kwa haraka. Tunawaheshimu wote, na tunaamini waliandika kwa nia njema.

Tunachoomba ni jengo dogo la vyumba vitatu. Cha kwanza ni chumba cha kuoshea chenye meza mbili za chuma cha pua, vigae ukutani, simtanki la maji na bomba la maji taka linalokwenda kwenye shimo lililofunikwa. Cha pili ni chumba cha kuvalishia, ambamo mama yetu fundi atapata meza na taa. Cha tatu ni chumba cha familia chenye mlango wake wa nje, ambako mtu ataletewa wake peke yake, akae naye, alie, asali, bila kuangaliwa. Ramani tunayo, imechorwa bure na mhandisi mstaafu, mwanachama wetu. Wanachama wako tayari kufyatua matofali na kuchimba msingi. Glavu, aproni na chanjo ya homa ya ini kwa wahudumu wapya tumeziomba kwa barua tofauti, nazo tusingependa zichukue nafasi ya jengo hili.

Kwa heshima kubwa, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, leo tunakuomba usituahidi jengo. Tunakuomba ututajie mbele ya hadhara hii jina la ofisi itakayolibeba faili hili na mwezi ambao fedha zitaingizwa kwenye bajeti, ili katibu aandike na sisi tujue mlango wa kubisha. Kama jibu ni kwamba haiwezekani, tuambie pia. Familia hizi zimezoea kupokea habari nzito, na tutazipokea pamoja nazo.

Ramani, nakala za barua na makadirio ya gharama vimo ndani ya bahasha atakayokukabidhi Mwenyekiti wetu sasa hivi.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya Umoja wa Wahudumu wa Mochwari, walio kazini na wastaafu