Saini za wapigania uhuru zihifadhiwe

Ndugu Mhariri,

Marehemu baba alihudhuria mkutano wa chama cha TANU uliofanyika hapa Tabora Januari 1958, ule ambao Mwalimu Nyerere aliwashawishi wajumbe wakubali kura tatu (kila mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja), naye alituachia picha yenye saini ya Mwalimu nyuma yake, kwa wino wa buluu ambao sasa umegeuka hudhurungi. Juzi mnunuzi mmoja alinitajia bei, akisema kwamba Marekani barua zilizotiwa saini na Martin Luther King huuzwa mnadani kwa maelfu ya dola. Sawa, lakini saini isiyo na maelezo ya ilikotoka ni rahisi kughushiwa. Naiomba Makumbusho ya Taifa itume wataalamu wapige picha vitu hivi na kurekodi masimulizi ya wazee, huku vyenyewe vikibaki kwa familia.

Msomaji wako,
Tabora