Shukrani kwa mzee aliyenisokotea uzi wa kumbi

Mzee wangu, shikamoo. Siku ile gatini Lamu ulinikuta nimeupakata mtepe wangu mdogo, mfano wa chombo cha tanga cha kale cha pwani yetu, wa kipimo cha 1 kwa 50: chombo cha mita 20 kimekuwa sentimita 40. Mbao nilikuwa nimezigandisha kwa gundi tu, nikidhani hakuna atakayetambua. Wewe ulitambua mara moja, wala hukunikemea. Uliketi, ukachambua kumbi la nazi hadi likawa laini kama unywele, ukalisokota pajani, ukanionyesha jinsi ya kupitisha uzi tundu kwa tundu. Mtepe haukupigwa misumari, ulishonwa. Kisha ukaenda zako kabla sijakuuliza jina.

Niliubomoa, nikaanza upya. Miezi minne! Tanga sasa ni la mkeka, la pembe nne, si la pembe tatu kama la jahazi.

Wiki iliyopita tulikutana sisi tunaounda vyombo vidogo. Mwenzangu mmoja alileta jahazi lenye kapi, vigurudumu vya kupitishia kamba, zinazozunguka kweli, ndogo kama punje za mtama. Nililiinamia hadi shingo ikauma. Naye akaushika mtepe wangu, akapapasa mshono kimya, muda mrefu.

Mshono ule ni wako, mzee. Ahsante sana.